Busybox statiki ikae wapi: /sbin, /usr/local/sbin au kwingine?

«Habari mtaalamu. Ninasimamia seva sita za Debian 12 na moja ya FreeBSD 14. Ziko Dodoma, mimi niko Arusha, kwa hiyo kazi zote nafanya kwa SSH. Wiki mbili zilizopita kijana tunayefanya naye kazi alikuwa anahangaika na programu iliyogoma kuwaka ikisema "version `GLIBC_2.38' not found". Akachukua libc.so.6 (maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea) ya mashine nyingine, akainakili juu ya ile iliyokuwepo. Papo hapo amri zote zikakataa, ls, cp, hata sudo. Ilibidi mtu aende chumba cha seva na flashi. Sasa nataka kila seva iwe na busybox statiki, yaani programu moja yenye amri nyingi ndani yake, isiyotegemea maktaba za mfumo. Mwenzangu mmoja anasema ikae /sbin kwa sababu 's' ya sbin ni 'static'. Mwingine anasema /usr/local/sbin. Nani yuko sahihi? Na kama programu statiki haziharibiki namna hii, kwa nini zana zote za mfumo zisiwe statiki?»

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Kinachokusumbua nakiona hivi: unataka zana itakayobaki hai siku mfumo mwingine wote umekufa, na unataka kujua ikae saraka gani. Wenzako wote wawili wanabishana juu ya jina la saraka, ilhali cha kuuliza kwanza ni zana hiyo inatakiwa inusurike na nini. Ukishalijibu hilo, mahali panajitaja penyewe.

Nianze na hiyo 's'. Kwenye Linux, kiwango cha mpangilio wa saraka, yaani FHS toleo la 3.0 la mwaka 2015, kinasema /sbin ni ya zana za usimamizi wa mfumo. Hakisemi kwamba 's' ni ya statiki. Zana hizo zamani zilikaa /etc, ndipo zikahamishwa. Lakini mwenzako hakulitoa jambo hili hewani. SunOS 4.0, mfumo wa Unix wa kampuni ya Sun, ilipoleta maktaba za pamoja mwaka 1988, maktaba zilikaa ndani ya /usr, na /usr yenyewe mara nyingi ilikuwa kwenye diski nyingine au inakuja kwa mtandao. Zana chache za kuiwezesha mashine kufika hapo, kama init, mount na ifconfig, ziliwekwa /sbin zikiwa statiki, kwa sababu wakati zinaendeshwa maktaba bado hazijafika. Kwa hiyo ni kweli kwamba kwenye baadhi ya mifumo vilivyokuwa /sbin vilikuwa statiki. Sababu ilikuwa wakati wa kuwaka kwa mashine, si maana ya herufi. Kwenye Debian yako ya leo, karibu kila kilichomo /sbin ni dainamiki, yaani hutegemea maktaba zilizo nje yake. Hakikisha mwenyewe:

file -L /sbin/fsck /sbin/ldconfig

Ya kwanza itasema «dynamically linked». Ya pili itasema ni statiki, na ina haki ya kuwa hivyo: ldconfig ndiyo hutengeneza orodha ya maktaba, kwa hiyo haiwezi kuzitegemea maktaba hizohizo. (Kwenye matoleo kadhaa ya Ubuntu, ldconfig ni hati ndogo ya sheli inayoita ldconfig.real, usishangae ukiikuta.)

Sasa tuangalie kilichotokea siku ile, maana hapo ndipo jibu lilipo. Programu dainamiki haijitoshelezi. Ndani ya faili yake kuna mstari unaotaja kipakiaji, ambacho kwenye Debian ya amd64 ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Ukiandika ls, kerneli inasoma mstari huo, inakiita kipakiaji, nacho kinaitafuta libc.so.6 na maktaba nyingine, kinaziunganisha, ndipo ls inaanza. Programu statiki haina mstari huo. Kila inachohitaji kimo tumboni mwake, na kerneli inaruka moja kwa moja kwenye kazi.

Mnyororo huo unaweza kukatika mahali patatu, na kila mahali pana ujumbe wake. Kipakiaji kikikosekana, sheli inasema «No such file or directory» juu ya /bin/ls (bash ya Debian 12 husema «cannot execute: required file not found»), na unaiona faili ipo! Hiyo huwachanganya watu kuliko kitu kingine: faili inayokosekana ni kipakiaji, si ls. Libc ikikosekana, utaona «error while loading shared libraries: libc.so.6». Na libc ikiwepo lakini ni ya toleo lisilolingana na kipakiaji, utaona «symbol lookup error» au «relocation error» yenye neno GLIBC_PRIVATE, au programu zinaanguka tu kwa «Segmentation fault». Kwa maelezo yako, ninyi mlikuwa kwenye hali ya tatu. Andika ujumbe ulioonekana siku hiyo, usitegemee kumbukumbu, kwa sababu ndio unaokuambia cha kurudisha ni kipi.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wenu hakulijua. Amri cp ikiandika juu ya faili iliyopo haitengenezi faili mpya. Inaufuta mwili wa faili ileile na kuujaza upya. Kila programu iliyokuwa inaendelea, pamoja na sheli yake mwenyewe, ilikuwa imeushika mwili huo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ikageuziwa ardhi ikiwa imesimama juu yake. Amri mv, ndani ya patisheni ileile, hubadilisha jina tu: mwili wa zamani unabaki kwa waliokwisha kuushika, na wapya wanapata mpya. Ndiyo maana dpkg, kisimamizi cha pakeji cha Debian, huweka faili mpya kwa jina la muda kisha huibadilisha jina. Angetumia mv angeharibu vilevile, ila sheli iliyokuwa wazi ingebaki hai, na pengine msingehitaji safari ya chumba cha seva.

Turudi kwenye swali la mahali. Debian 12 inakubali mpangilio mmoja tu: /bin, /sbin, /lib na /lib64 ni simlinki, yaani viungo tu, zinazoelekea ndani ya /usr. Maana yake, ukiweka busybox yako /sbin umeiweka /usr/sbin, saraka inayomilikiwa na dpkg, na /usr ikipotea inapotea nayo. Fedora ilianza kuunganisha hivyo kwenye toleo la 17 la mwaka 2012, na kwenye toleo la 42 la mwaka 2025 hata /usr/sbin imeunganishwa na /usr/bin. Kwa hiyo mabishano ya /bin dhidi ya /sbin kwenye Linux yanaelekea kukosa maana kabisa.

Mwenzako wa pili, wa /usr/local/sbin, yuko sahihi kwa kawaida: kitu ulichokiunda mwenyewe, kisichotoka kwenye pakeji, kinakaa huko ili dpkg isikiguse. Ila hapo pia ni ndani ya /usr. Ukiharibikiwa libc tu, kitafanya kazi. Simlinki ya /lib64 ikifutwa, kitafanya kazi. Lakini kama /usr ni patisheni yake na imegoma kupandishwa, huna kitu. Na /opt, /home au /tmp mara nyingi zimepandishwa kwa noexec (programu haziruhusiwi kuendeshwa humo) au ziko kwenye diski nyingine, zisahau kwa kazi hii.

Ushauri wangu kwa seva za Debian ni saraka ya pekee, moja kwa moja chini ya mzizi, nje ya /usr. Ipe jina /rescue, jina ambalo FreeBSD yako tayari inalitumia, ili mtu akilala akaamka kwenye seva yoyote ajue pa kwenda. Programu za kawaida haziruhusiwi na FHS kujitengenezea saraka pale juu, lakini wewe ni msimamizi wa mashine, si programu. Fanya hivi ukiwa root:

apt-get install busybox-static
install -d -m 0755 /rescue
install -m 0755 /bin/busybox /rescue/busybox
for a in $(/rescue/busybox --list); do ln -f /rescue/busybox "/rescue/$a"; done

Mstari wa mwisho unaipa faili ileile majina mengi: ls, cp, mv, mount, vi, tar na kadhalika. Nafasi haiongezeki, ni faili moja ya kama megabaiti 2. Ukiona onyo kwamba faili mbili ni ileile, lipuuze. Ukija kuisasisha busybox, rudia mistari miwili ya mwisho yote pamoja, kwa sababu install hutengeneza mwili mpya na majina ya zamani yatabaki yameshika ule wa kale.

Busybox-static itaiondoa pakeji ya busybox ya kawaida, na hilo halina madhara. Endesha update-initramfs -u baada yake, ili kuunda upya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka. Kisha weka na nakala ya libc iliyofunguliwa tayari, kwa sababu zana bila kipuri haitakusaidia:

cd /rescue && apt-get download libc6
dpkg-deb -x libc6_*.deb /rescue/libc6

Usitegemee kuikuta /var/cache/apt/archives siku ya shida: amri ya apt hufuta pakeji baada ya kusakinisha, apt-get ndiyo huziacha. Rudia hatua hii kila libc6 inaposasishwa, ukiifuta kwanza pakeji ya zamani na saraka ya /rescue/libc6.

Halafu ijaribu kwa njia isiyodanganya, ndani ya saraka isiyo na maktaba yoyote:

mkdir /root/tupu && cp /rescue/busybox /root/tupu/
chroot /root/tupu /busybox ls -l /

Ikiorodhesha faili moja, yake mwenyewe, umeipata. Ikisema «No such file or directory», ulichonacho ni dainamiki. Ldd nayo itakuambia, ila usiitumie kwa faili usiyoiamini, kwani inaweza kuiendesha. Readelf -l ukitafuta neno INTERP ni salama zaidi.

Siku ya shida yenyewe, jambo la kwanza ni kutofunga kikao cha root kilicho wazi. Wala usijaribu kufungua kingine kwanza uone: sshd ni dainamiki, na kila muunganisho mpya unazaa mchakato mpya utakaokufa. Andika PATH=/rescue (ili amri zitafutwe huko tu), kisha exec /rescue/sh. Sasa uko kwenye sheli isiyotegemea chochote. Rudisha libc kwa hatua mbili, jina la muda kwanza:

cp /rescue/libc6/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6.mpya
mv /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6.mpya /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6

Fanya vivyo hivyo kwa ld-linux-x86-64.so.2 kama nacho kiliguswa. Jaribu /usr/bin/ls kwa njia kamili. Ikijibu, rudisha PATH ya kawaida na umalize kwa apt-get install --reinstall libc6. Kosa la hatari hapa ni kufungua pakeji nzima ya libc6 juu ya mzizi: ndani yake kuna saraka iitwayo lib, wakati kwenye mashine yako /lib ni simlinki. Tar ikiamua kuiondoa simlinki na kuweka saraka, umeongeza msiba juu ya msiba.

Na kama kilichofutwa ni simlinki ya /lib64 peke yake, huna haja hata ya busybox. Kipakiaji chenyewe kinaweza kuitwa kama programu, nacho hakihitaji kipakiaji:

/usr/lib/x86_64-linux-gnu/ld-linux-x86-64.so.2 /usr/bin/ln -s usr/lib64 /lib64

Mtego mwingine ni kudhani kwamba sheli statiki inakupa mlango. Watu huweka sheli statiki kama sheli ya root kwenye /etc/passwd wakajiona wamejikinga. Lakini kabla sheli haijaitwa kuna sshd au login, na moduli za PAM (za kuthibitisha watumiaji) zinazopakiwa kwa njia ileile ya dainamiki. Vikifa hivyo, hufiki kwenye sheli yoyote. Sudo nayo haitakusaidia: ni dainamiki, na kwa usalama inapuuza ujanja wa LD_PRELOAD, wa kulazimisha maktaba fulani ipakiwe kwanza. Na tafadhali, usije ukaipa busybox ruhusa ya setuid ili mtumiaji wa kawaida awe root kwa dharura. Hapo umempa kila mwenye akaunti funguo za nyumba.

Mlango halisi wa dharura uko kwenye kuwaka kwa mashine. Kwenye GRUB, programu inayoiwasha kerneli, hariri mstari wa kerneli uongeze init=/rescue/sh. Mzizi utapandishwa wa kusoma tu, kwa hiyo anza na PATH=/rescue kisha mount -o remount,rw /. Ukimaliza, andika sync, halafu reboot -f. Usitoke kwa exit, kerneli itapanika kwa kukosa init. Kama mzizi wenyewe haupandi, ongeza break=premount badala yake, utapata sheli ya initramfs. Hiyo kwa kawaida ya Debian si statiki, na bado inafanya kazi, kwa sababu initramfs imebeba nakala zake za maktaba. Ndivyo Linux ilivyolimaliza tatizo la SunOS: badala ya kuzifanya zana za mwanzo kuwa statiki, ikazifungashia mzigo wao.

Kwa FreeBSD kazi yako ni ndogo. Tangu toleo la 5.2, Januari 2004, /bin na /sbin zilifanywa dainamiki, na sababu kubwa ilikuwa moduli za NSS (zinazotafuta majina ya watumiaji na mashine) na kuokoa nafasi. Kama fidia ikaja /rescue: faili moja statiki yenye majina zaidi ya 100, ikiwemo fsck, mount, tar, vi, zfs na zpool. Ukiwa hali ya mtumiaji mmoja, mashine inapouliza njia ya sheli, jibu /rescue/sh, kisha /rescue/mount -u / kwa UFS. Usiiongeze /rescue kwenye PATH ya kila siku na usiweke vitu vyako humo, mfumo unaisasisha wenyewe. NetBSD nayo ilichukua njia hiyohiyo, kwenye toleo la 2.0. OpenBSD ilikataa: hadi leo /bin na /sbin zake ni statiki.

Hapo ndipo lilipo swali lako la mwisho. Inawezekana, OpenBSD ni ushahidi. Lakini OpenBSD huunda mfumo mzima kwa pamoja kutoka chanzo kimoja, na libc yake haikuandikwa kwa kutegemea moduli za kupakiwa njiani. Glibc ya Debian ndivyo ilivyoandikwa. Jaribu kuunda programu statiki inayoita getaddrinfo na kiunganishi kitakuonya kwamba wakati wa kuendeshwa bado itazihitaji maktaba za toleo lilelile la glibc. Maktaba hizo zikikosekana au zisipolingana, watumiaji wanaotoka LDAP (orodha ya pamoja ya watumiaji kwenye mtandao) hawataonekana kwa programu ya namna hiyo. Ndiyo maana kwenye sheli ya uokoaji natumia namba ya IP badala ya jina la mashine, na namba ya mtumiaji badala ya jina lake. Ukitaka statiki safi ya zana yako mwenyewe, iunde kwa musl, libc nyingine iliyo ndogo: pakeji ya musl-tools, kisha musl-gcc -static.

La pili ni viraka vya usalama. Heartbleed, kasoro ya maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, mwenye programu dainamiki alisasisha pakeji moja ya OpenSSL na kuziwasha huduma upya. Mwenye programu statiki alilazimika kuijua kila iliyobeba OpenSSL tumboni, na kuiunda upya moja moja. Watu wengi hawana orodha hiyo. Ukubwa ni hoja ndogo kuliko hizo mbili, ingawa programu ya mstari mmoja yenye kilobaiti 16 ikiwa dainamiki hufika mamia ya kilobaiti ikiwa statiki na glibc. Kwa hiyo statiki chache, za uokoaji, zisizogusa mtandao wa nje, ndiyo. Mfumo mzima wa Debian, hapana.

Kuhusu chanzo cha mkasa: programu inayotaka GLIBC_2.38 haitatulizwa kwenye Debian 12, ambayo ina 2.36. Iweke kwenye kontena la podman lenye mfumo mpya zaidi, au omba toleo lililoundwa kwa Debian 12. Libc haichukuliwi mashine moja kupelekwa nyingine kwa mkono, hata kwa jaribio la dakika moja.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama hakuna kikao cha root kilicho wazi na seva haina konsoli ya mbali kama IPMI, usipoteze usiku ukijaribu kutoka Arusha. Mtu aende Dodoma na flashi yenye mfumo wa kuwaka, na umwandikie hatua kabla hajaondoka. Kama dmesg inaonyesha «I/O error» za diski, usirudishe libc wala kuendesha fsck, tafuta fundi wa diski na uchukue nakala kwanza. Na kama maktaba zimebadilika na hakuna aliyezigusa, au /etc/ld.so.preload (faili inayolazimisha maktaba kupakiwa kwa kila programu dainamiki) ina mstari usioujua, chukulia kwamba umeingiliwa. Busybox statiki haisomi faili hiyo, kwa hiyo inaweza kukuonyesha mafaili ambayo ls ya kawaida inafichwa, lakini haiwezi kukusaidia kama kerneli yenyewe imeguswa. Itoe seva kwenye mtandao bila kuizima, mwite mtaalamu wa usalama aje aione, na kwa Tanzania toeni taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta.

Anza na seva moja isiyo na kazi nzito. Weka /rescue, fanya jaribio la chroot, kisha panga saa ambayo mtu yupo Dodoma, uiwashe upya kwa init=/rescue/sh na kuirudisha. Ukifika mwisho bila kukwama, nakili hatua zilezile kwenye tano zilizobaki.